Ramani ya 1570 kwa laki tatu? Iangalie kwanza kwa lenzi

Mkuu, umeuliza kama uichukue hiyo ramani ya Afrika ya 1570 ya Ortelius (yule mchora ramani wa zamani wa Ulaya) unayouziwa laki tatu, aisee mi ningesita. Usitoe hela kwanza. Kaazime lenzi ya fundi saa uangalie mistari, ukiona vidoti vidogo vidogo kama picha ya gazeti ujue hiyo ni kopi ya juzi tu, hata kama karatasi ina rangi ya chai (na kuna watu wanaziloweka kwenye chai kweli). Orijino ilichapwa kwa bamba la shaba, kwa hiyo ukipapasa kuzunguka picha unakuta karatasi imebonyea, halafu iinue kwenye mwanga utaona mistari ya zile waya za chekeche la kutengenezea karatasi, katikati kuna mkunjo maana ilikuwa ukurasa wa kitabu, na nyuma kwa kawaida kuna maandishi. Ipo kwenye fremu? Mwambie aitoe, akikataa ondoka zako. Ikiwa ni ya kweli usije ukaipiga laminesheni wala kuibandika selotepu, thamani inakufa hapo hapo. Kopi nayo nzuri ukutani, ila mpe elfu ishirini basi.