Bango la kubadili matumizi limewekwa kwa jirani: saini zetu zinatosha kuzuia?

SWALI

Mbukwenyi, mtaalamu. Mimi ni nesi mstaafu, naishi Kata ya Ipagala hapa Dodoma, kwenye kiwanja nilichopata enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Jirani ameuza viwanja vitatu vilivyoungana, na mwezi huu limepigiliwa bango kwenye mwarobaini wa kona: kusudio la kubadili matumizi ya ardhi kutoka makazi kuwa makazi na biashara. Mnunuzi anasema atajenga ghorofa zenye nyumba 24 za gharama nafuu. Mkutano wa mtaa uliishia kwenye kelele. Wapangaji wanataka zijengwe, wenye nyumba wengi hatutaki. Bomba la majitaka hatuna, kila mtu ana shimo lake. Sasa inapitishwa karatasi ya kupinga tuisaini. Je, tukisaini wengi, mradi unazuilika?

JIBU

Mama, shikamoo. Wingi wa saini peke yake hauzuii. Kwa utaratibu wa Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya mwaka 2007, mtaa hutoa maoni tu. Faili hupitiwa na Kamati ya Mipango Miji ya halmashauri, na idhini hutoka wizara ya ardhi. Wanaolisoma wanatafuta sababu. Niliwahi kukabidhiwa faili lenye saini 43 chini ya sentensi moja, "Hatutaki wapangaji." Tulilimaliza kabla chai haijapoa. Kwenye faili jingine kulikuwa na barua ya mzee mmoja, kurasa mbili za mkono, amechora mkondo wa maji ya mvua unavyokatiza kiwanja kinachoombewa. Barua hiyo moja ilimrudisha mwombaji kuchora upya.

Kwa hiyo usiandike habari za watu watakaohamia. Andika habari za shimo.

Chukua nyumba 24, kila moja watu wanne: ni watu 96. Kila mtu akimwaga lita 80 tu kwa siku, ambazo si nyingi kwa nyumba yenye choo cha kuvuta, zinapatikana lita 7,680 kila siku. Kwa wiki zinapita lita 53,000, yaani zaidi ya safari tano za gari la kunyonya lenye tangi la lita 10,000. Gari hilo litapita kwenye barabara yenu ya vumbi na kwenda kumwaga kwenye mabwawa ya majitaka ya Swaswa, na gharama watabeba wapangaji haohao wa nyumba nafuu. Gari lisipoitwa, maji yatatafuta njia, na njia ya karibu ni uwani kwako. Dodoma kuna sehemu unachimba mita moja unagonga mwamba, na kuna sehemu za udongo mweusi usiopitisha maji. Mtake mwombaji apime mbele yenu: achimbe kishimo, akijaze maji mara mbili tatu hadi udongo ulowe, ndipo aanze kuhesabu maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Akijaza mara moja tu wakati wa kiangazi, udongo mkavu utakunywa yote na kila mtu ataondoka ameridhika.

La pili ndilo linalowapita wengi. Soma tena bango. Linasema "makazi na biashara". Gharama nafuu ni maneno ya mnunuzi mdomoni. Matumizi mapya yakishaidhinishwa yanabaki na kiwanja, hayamfuati mtu wala ahadi yake. Kesho akiuza, mwenye pesa mwingine anaweza kuweka fremu za maduka chini na kupangisha juu kwa bei anayoitaka, na hatakuwa amevunja chochote. Mwambieni mwombaji awasilishe mchoro wa jengo pamoja na ombi, na mwombe kwa maandishi kwamba idhini iwe na masharti: idadi ya ghorofa, maegesho ndani ya kiwanja, namna ya kuondoa majitaka. Bei haidhibitiwi na mchoro wa mipango miji. Anayetaka kubanwa kwa bei aingie mkataba na halmashauri, na sijaona wengi wakijitolea.

Maji ya bomba taja kwa ufupi, mgao mnaujua wenyewe. Hofu ya thamani ya nyumba yako kushuka usiiweke kabisa: kiwanja kilicho jirani na makazi na biashara mara nyingi hupanda bei, na wajumbe wanalijua hilo.

Nikiri kwamba moyoni niko karibu zaidi na hao wapangaji. Tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, kodi ya chumba imekuwa mzigo, na hatuwezi kila mwaka kupima viwanja vipya mbali kabisa na mjini huku waliopo wamekaa familia moja moja kwenye viwanja vikubwa. Ghorofa Ipagala si dhambi. Ghorofa juu ya shimo la nyumba moja, hapana.

Kabla ya kuandika, itazame hati yako. CDA ilivunjwa Mei 2017, na kama bado una ile ya miaka 33, ulizia ofisi ya ardhi ya Jiji kuhusu kubadilishiwa iwe ya miaka 99, ili uandike ukiwa na hati iliyonyooka. Hesabu siku zilizotajwa kwenye bango, piga picha ionyeshe bango na mwarobaini wake, barua ipeleke nakala mbili. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani.