Seli T "huwashwa", "huamshwa" au "huamilishwa"?

Swali: Katika makala ya afya kuhusu seli T, aina ya seli nyeupe za damu zinazoukinga mwili, nimesoma hivi: "Virusi vikiingia mwilini huwasha seli T, nazo seli T huua virusi." Mwenzangu anasema iwe "huamsha", mwalimu wetu anataka "huamilisha". Tumfuate nani?

Jibu: "Washa" lina mtego. Taa huwashwa, moto huwashwa, lakini upupu nao huwasha. Ukiandika "seli T huwashwa na virusi", yupo msomaji atakayeziona zikijikuna. Liacheni.

"Amilisha" ni ndugu wa "amali" na "amilifu": kukiingiza kitu kazini. Mwalimu hajakosea, hasa kwa kitabu cha biolojia. Ila kwa makala ya watu wote mimi nachagua "amsha". Seli T ambayo haijakutana na adui wake kweli imetulia, inazunguka tu kati ya damu na tezi za limfu. Ikishaamshwa hukua, hugawanyika, na baada ya siku chache zimekuwa maelfu.

Lakini nyote watatu mmebishania kitenzi, wakati kosa kubwa liko kwenye kiima. Anayeamsha ni nani? Si virusi. Seli dendriti, aina nyingine ya seli za kinga, hunasa protini za virusi, huzikatakata, kisha hupeleka vipande hadi kwenye tezi za limfu na kuvionyesha vikiwa vimeshikwa na molekuli za mwili wenyewe. Seli T husoma vyote viwili kwa pamoja; kwa ugunduzi huo Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Na hata kipokezi cha seli T, sehemu yake ya kumtambua adui, kikioana na kipande, bado. Dendriti lazima itoe ishara ya pili, la sivyo seli T hupooza badala ya kuamka.

Ndiyo maana "seli T huamka" nayo hainiridhishi: inamficha mwamshaji. Andikeni "huamshwa na seli dendriti".

Sehemu ya pili ya sentensi ina kosa lake pia. Seli T uaji haiui virusi vinavyoelea. Huitoboa na kuiua seli ya mwili iliyokwisha kuambukizwa. Basi: "huua seli zenye virusi". Na "vikiingia" ni sawa kabisa, msikubali "zikiingia". Kimoja ni kirusi, kwa herufi ndogo; kwa herufi kubwa ni lugha ya Warusi.