Pangaboi ya KIA kwenda Dar: nimkalishe wapi mama mwenye goti bovu?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Moshi, Majengo. Wiki ijayo nampeleka mama Dar kwa daktari wa mifupa pale Muhimbili. Goti lake la kushoto halikunjiki vizuri, na hajawahi kupanda ndege. Tunaondoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, asubuhi, tiketi imeandikwa AT7, na tutarudi baada ya siku chache. Nikifungua sehemu ya kuchagua viti naona mchoro tu, viwili huku na viwili huku. Kuna wanaoniambia nichukue vya mbele kabisa, wengine wanasema katikati kwenye bawa ndiko hakutikisiki. Mama mwenyewe anachotaka ni kuuona Mlima Kilimanjaro akiwa juu. Nichague vipi?

JIBU: Marahaba dada, na pole kwa kumuuguza mama. Kabla ya huo mchoro wa viti, angalia tena hizo herufi AT7, maana ndizo zenye jibu lako. Hiyo ni ATR 72, ndege ya pangaboi, yaani inayovutwa na panga zinazozunguka. Ungekuta DH4, ni Dash 8 Q400, nayo ya pangaboi. Ungekuta 223, ni Airbus A220-300, ya jeti. Kila moja ina mahali pake pazuri pa kukaa, na pa hii siyo pa ile. Anayekwambia "kaa mbele" bila kukuuliza unapanda ndege gani, hajakusaidia.

Kwenye ATR, abiria hupandia na kushukia nyuma, upande wa kushoto, kwa ngazi fupi iliyoungana na mlango wenyewe. Mbele, kati ya abiria na marubani, ndiko kuna chumba cha mizigo. Hapa Arusha ninapokatia watu tiketi, karibu kila mteja anasema "nipe mbele niwahi kutoka". Kwenye ATR, huyo wa mbele ndiye atakayesimama ameinamisha shingo chini ya kabati la mabegi akisubiri ndege nzima ishuke kwanza. Na kwa mama yako tatizo siyo dakika. Tatizo ni kwamba atapita njia nyembamba kutoka mwanzo wa kabini hadi mwisho, akijishikilia kwenye viti, huku watu wanashusha mabegi juu ya kichwa chake. Goti lisilokunjika halitaki hiyo kazi.

Mbele kuna kasoro nyingine. Panga za ATR ziko usawa wa sehemu ya mbele ya kabini, na mistari iliyo usawa wa panga ndiyo yenye kelele na mtetemo kuliko yote. Ukirudi nyuma kelele inapungua. Kwenye jeti ni kinyume: mbele ndiko kumetulia na nyuma ndiko kuna ngurumo. Nadhani ushauri wa "mbele" ulianzia huko kwenye jeti.

Waliokwambia katikati hakutikisiki wamesema kweli. Hewa ikichafuka, ndege huyumba kama ubao wa pembea ya watoto: pale kwenye egemeo panacheza kidogo, kwenye ncha ndiko kunapanda na kushuka. Lakini ninyi mnaondoka asubuhi, kabla jua halijachemsha ardhi na kuanza kusukuma hewa juu, na saa hizo anga huwa tulivu kuliko mchana. Safari yenyewe ni kama kilomita 450, saa moja na ushee. Kwa goti lile, nisingemtembeza mama hadi katikati kwa kuogopa mtikisiko ambao huenda asiusikie kabisa.

Kwa hiyo chukua mstari wa tatu au wa nne ukihesabu kutoka nyuma. Ule wa mwisho kabisa uache. Mara nyingi viti vyake havilali, choo kiko hapo hapo, na watu wakisimama foleni watamgonga mguu. Mstari wa mlango wa dharura nao uache hata kama una nafasi ya miguu. Anayekaa pale lazima aweze kufungua mlango na kuwasaidia wengine kutoka, na mhudumu akimwona mama anachechemea atamhamisha tu.

Sasa twende kwenye upande, maana hapa ndipo goti na Mlima vinapogombana.

Goti bovu ni la kushoto. Ili anyooshe mguu huo, njia ya katikati inatakiwa iwe mkono wake wa kushoto. Hicho ni kiti cha njiani upande wa kulia wa ndege, ukiwa umetazama mbele. Usiamini herufi za viti, kampuni nyingine huandika A, B, C, D na nyingine A, C, D, F. Angalia mchoro: pua ya ndege iko juu, kiti ni cha tatu kutoka kushoto. Cha nne, cha dirishani, kaa wewe. Akishakaa, papasa chini ya mkono wa kiti ulio upande wa njia, karibu na pale unapoungana na egemeo la mgongo. Ndege nyingi zina kitufe kidogo hapo. Ukikibonyeza, mkono unanyanyuka, na mama anaingia kwa kuteleza upande badala ya kujikunja. Wakati wa kupaa na kutua urudishe ulivyokuwa. Na mkokoteni wa vinywaji ukija, avute mguu ndani.

Lakini mkitoka KIA, ndege ikishashika uelekeo wa Dar, kusini mashariki, Mlima unabaki kushoto. Yeye atakuwa kulia. Tena asubuhi jua liko upande huo huo wa kushoto, kwa mbele, linapiga machoni. Ushauri wangu ni kwamba mkienda, tanguliza goti. Mlima auone mkirudi. Kutoka Dar, Kibo, kile kilele cha Mlima, inakuja upande wa kulia, upande ule ule unaolifaa goti lake. Wewe kaa njiani kidogo, yeye asogee dirishani pale rubani anapotangaza kuanza kushuka, kabla taa ya mikanda haijawaka. Au abaki njiani na wewe uegemee nyuma, ataona vizuri. Bawa la ATR liko juu ya madirisha, halizibi kitu chini, na huko nyuma injini haipo mbele ya macho yenu. Ila hakikisha mnarudi na ndege ya asubuhi. Kufika mchana Kibo mara nyingi imeshajifunika mawingu, na mita 5,895 zote zinapotea kama hazipo. Kama tiketi ya kurudi ni ya alasiri na kuibadilisha si ghali, ibadilishe leo.

Jambo ambalo hukuuliza, na ambalo ni kubwa kuliko kiti: omba kiti cha magurudumu angalau siku mbili kabla. Pale KIA mnatembea uwanjani hadi kwenye ndege, na juani si karibu. Mwambie aliyekukatia tiketi kwa usahihi. Kama mama anapanda ngazi polepole mwenyewe, aandike WCHR. Kama ngazi hawezi, aandike WCHS. Herufi moja hiyo ndiyo inayoamua watawaandalia nini. Wenye viti vya magurudumu kwa kawaida hupandishwa kwanza na kushushwa mwisho, msishangae. Dawa zake zikae kwenye mkoba mdogo, maana kabati za ATR ni ndogo na begi kubwa linachukuliwa mlangoni.

Kampuni huweza kubadilisha ndege, kwa hiyo angalia tena herufi siku moja kabla. Ikiwa DH4, mlango unaotumika zaidi ni wa mbele. Kaeni mistari ya kwanza, mbele ya panga, upande ule ule wa kulia. Ikiwa 223, kushoto kuna viti viwili na kulia vitatu. Mama akae njiani kwenye vile vitatu, mistari ya mbele, na wewe cha katikati. Usikiogope, kwenye ndege hiyo cha katikati ndicho kipana zaidi, inchi 19.

Kuchekini mtandaoni, kampuni nyingi hufungua saa 24 kabla ya safari. Ingia mapema. Ukikuta viti nilivyokutajia vimekwisha, usilipie vya mbele kwa hofu. Ondokeni Moshi mapema, na kaunta mwambie mhudumu maneno haya: goti la kushoto, njia iwe kushoto kwake, karibu na mlango. Atajua cha kufanya. Na ndege ikiwa na nafasi, msihame wenyewe kabla haijapaa. Uzito umeshapangwa, muulizeni kwanza mhudumu.