Mashine ya biskuti isubiri kwanza

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Muheza, mkoani Tanga, nafundisha chekechea. Kikoba chetu kimevunja mwezi huu nikapata shilingi milioni mbili. Nataka kuanzisha kiwanda kidogo cha biskuti. Kuna mashine ya kukatia niliiona mtandaoni, na fundi mmoja anasema nikilipa nusu ataniagizia. Nianze na hiyo? Na kazi niache? – Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo nusu usimpe fundi. Mashine ya kukatia ni ya mtu aliyezidiwa na oda, na wewe bado hujauza hata pakiti moja. Mimi naoka biskuti za kuuza hapa Morogoro, na nimeona wenzangu wengi wakifunga. Wengi wao walishindwa na unyevu. Mteja akifungua pakiti akakuta biskuti imelegea, harudi. Na huko Tanga, hewa ya pwani haina huruma.

Kwa hiyo fedha zako zigawe hivi: oveni ya gesi yenye trei mbili au tatu, mizani ya gramu, mashine ndogo ya umeme ya kuziba mifuko, vifungashio vizuri, na malighafi ya kuanzia. Usizimalize zote. Kubwa zaidi ni kifungashio. Kile kimfuko chembamba chenye mdomo uliounguzwa kwa mshumaa hakifai. Tafuta mifuko mizito ya kuzuia unyevu. Kisha fanya jaribio hili kabla hujamuuzia mtu: funga pakiti kumi, ziweke kwenye rafu ya kawaida, ufungue moja kila wiki. Ukivunja biskuti ikapinda badala ya kukatika, hesabu wiki ulizofika. Tarehe ya mwisho utakayoiandika kwenye lebo iwe ndani ya wiki hizo.

Usishindane na viwanda vikubwa vya Dar kwenye biskuti za glukosi. Bei yao hutaiweza. Lakini wewe uko Muheza! Machungwa yako mlangoni, na mdalasini, iliki na karafuu vinashuka kutoka Amani. Kwaruza ganda la chungwa, lile la juu tu, maana jeupe la ndani ni chungu, uchanganye na mdalasini uliosagwa siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo biskuti ambayo mtu atauliza imetoka wapi.

Anza na unga wa ngano kilo 2, sukari iliyosagwa gramu 700, siagi ya kupikia gramu 800, mayai manne na beking poda kidogo. Unga mkali wa mikate hufanya donge livutike, biskuti zikasinyaa kwenye trei na kutoka ngumu. Ukikosa mwingine, punguza robo kilo ujazie kornflawa. Wala usikande kama chapati, kusanya donge tu mpaka lishikane. Unaposukuma, weka fito mbili za mbao zenye unene wa milimita 5, moja kila upande, mti wako wa kusukumia upite juu yazo. Unene ukitofautiana, nyingine zinaungua wakati nyingine mbichi. Oka kwa nyuzi 170 hadi 180, dakika 12 hadi 15, ukigeuza trei katikati ya safari.

Zikitoka, zitandaze kwenye wavu wa waya. Kabla ya kufunga, chukua ya katikati, uiguse shavuni. Ukisikia joto lolote, subiri, maana mvuke utabaki ndani ya mfuko. Ila zisilale wazi mpaka kesho.

Donge hilo ni kama kilo 3.7, maji yakishatoka utabaki na kilo 3.2 hivi, yaani pakiti 32 za gramu 100. Piga hesabu kwa pakiti 30, kwa kuwa nyingine zitavunjika. Gawanya kwa 30 bei ya malighafi, gesi, umeme, kifungashio, lebo na nauli. Na ujira wako pia, mwanangu, usiusahau. Hapo ndipo uweke bei.

Kuhusu vibali: jina la biashara unasajili BRELA, TIN, yaani namba ya mlipakodi, unapata TRA, na leseni ni halmashauri. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi Tanga. Nenda wakupe mafunzo na barua ya utambulisho, kisha uende nayo TBS, shirika la viwango, maana wana utaratibu wa kuwapunguzia wajasiriamali wadogo gharama za alama ya ubora. Chumba cha kuokea kisiwe jiko la familia, na upime afya. Ukijiunga na kikundi, ulizia pia mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri; 4 kati ya hizo 10 ni za wanawake.

Maduka yatakuomba mali kauli. Wape wachache, pakiti chache, na usipeleke mzigo wa pili kabla hawajalipa wa kwanza. Mtaji mdogo unakatikia hapo.

Kazi usiache. Oka Ijumaa jioni na Jumamosi mpaka maduka yawe yanakupigia wenyewe kuagiza. Ukifika kwenye lebo, nitumie rasimu kabla hujachapisha: jina, viambato, uzito, anuani, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Nitaipitia mstari kwa mstari.