Skrini ya usiku kwenye gari na miwani ya njano

SWALI: Shikamoo daktari. Naendesha Noah kati ya Kigoma na Kasulu, mara nyingi narudi usiku. Fundi amenifungia skrini kubwa kwenye dashibodi, na kamera ya mbele. Mle naona vizuri, ila nikirudisha macho barabarani naona giza tupu. Nimeambiwa dawa yake ni miwani ya njano. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Usinunue. Giza hilo linatoka kwenye skrini yako.

Mboni hufunguka haraka, lakini retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huchukua hadi nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na ukikodolea kitu kinachong'aa unarudi nyuma papo hapo. Ukiwa spidi 80 unakula mita 22 kila sekunde. Sekunde mbili za kuchungulia skrini ni mita 44 ambazo hukuziona. Isitoshe, lenzi pana ya kamera husogeza vitu mbali. Yule mwenye baiskeli isiyo na taa, amefunga magunia ya mkaa, kwenye skrini ni kadoti pembeni, kumbe umeshamfikia.

Leo kabla hujatoka, punguza mwanga wa skrini hadi chini kabisa, weka ramani ya rangi nyeusi, zima picha ya kamera ya mbele. Ya nyuma ibaki kwa kurudi rivasi. Futa pia kioo cha mbele kwa ndani.

Sasa hiyo miwani. Inanikera, maana inauzwa stendi kama tiba. Lenzi ya rangi hupunguza mwanga unaoingia machoni, na usiku mwanga wenyewe ndio haba. Mwaka 2019 watafiti wa Boston, Marekani, waliwapima watu kwenye gari la kuigiza: miwani ya njano haikuwasaidia kuwaona waenda kwa miguu, hata taa za gari la mbele zilipowapiga machoni. Muuzaji atakuambia "unaona kweupe". Ni rangi tu, na dereva aliyeiamini anakanyaga mafuta.

Ubaya zaidi, inawachelewesha watu. Mzee mmoja wa malori alinijia na jozi tatu mfukoni. Kila taa aliiona ina duara la ukungu. Nilipommulika, mtoto wa jicho alikuwa macho yote mawili. Wewe nawe, kama taa zinakutawanyikia au umevuka miaka 40 bila kupimwa, peleka hela ya miwani hiyo kliniki ya macho kwanza.