Re: Naanzia wapi kujifunza kugonga bati la gari la zamani?
Mkuu, kwa hiyo Land Rover Series ya mzee wako usianze na bodi yenyewe utalia. Chukua mabaki ya bati, tafuta mfuko wa ngozi ujaze mchanga, na nyundo ya mbao yenye kichwa cha duara, gonga taratibu toka pembeni ukizunguka kuja kati mpaka kipande kiwe kama bakuli, ukishaharibu kama vitano hivi ndo mkono unakaa.

Ila bodi ya hiyo gari sehemu kubwa ni aluminiamu, ukiigonga sana inakakamaa inapasuka (mimi nilishapasua madigadi moja kwa haraka zangu), kwahiyo paka sabuni ya mche, pasha moto mdogo mdogo mpaka sabuni iwe nyeusi, acha ipoe, inalainika tena. Chuma cha kuegemeza nyuma ya bati unapogonga, hata kipande cha reli kinafaa, pitia kwa wauza skrepa.