Kliniki ya bure, kozi ya bure: nimruhusu binti yangu?

SWALI: Shikamoo dada muuguzi. Huku kwetu Muheza kuna wageni kutoka Ulaya wamefungua kliniki ya homeopathi kwenye ukumbi wa shule, kila Jumamosi. Hawatozi hata senti. Sasa wanatafuta vijana wa kuwafundisha bure. Wakimaliza wanapewa cheti na sanduku la dawa, wakahudumie vijijini. Binti yangu aliyemaliza kidato cha nne amechaguliwa na amefurahi mno. Mimi nasita, maana jirani yangu anayetumia ARV amepewa vidonge vyao vya kuongeza kinga, na ameanza kusema atapumzika kidogo na vile vya hospitali. Nimruhusu binti? – Mama Z., Muheza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na jirani, kwa sababu yeye hana muda wa kusubiri. Nenda kwake leo hii, umwambie asiruke hata dozi moja. ARV zinakibana kirusi siku kwa siku. Ukiziacha kinazaliana upya, tena kinaweza kurudi na usugu. Mwaka 2011, wakati wa kikombe cha Loliondo, ile dawa ya mitishamba iliyosemwa inaponya hata UKIMWI, wapo walioweka ARV kando wakarudi kliniki wakiwa hoi. Shirika la Afya Duniani lilishatamka mwaka 2009 kwamba halipendekezi homeopathi kwa VVU, kifua kikuu, malaria wala kuhara kwa watoto wachanga. Lilitamka hivyo baada ya madaktari na watafiti vijana kuliandikia wakiwa na hofu na miradi kama huo wa kwenu.

Sasa vile vidonge. Ni punje nyeupe za sukari ndani ya kichupa, unawekewa chini ya ulimi, unaambiwa usizishike kwa vidole na uache kahawa. Tiba hii aliianzisha daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, na wazo lilimjia mwaka 1790 alipokunywa dawa ya gamba la mkwinini akiwa mzima, akahisi dalili kama za homa ya malaria. Akahitimisha kwamba kinacholeta dalili kwa mzima huponya dalili hizo kwa mgonjwa. Lakini gamba lile lilitibu malaria kwa sababu lina kwinini ndani yake! Homeopathi huiondoa: tone moja kwenye matone 99 ya maji au spiriti, tikisa, chukua tone moja la hapo, rudia. Kichupa chenye maandishi 30C kimerudiwa hivyo mara 30, na kufikia mara ya 12 au 13 hakuna tena chembe ya dawa ya kutegemea. Huko Uingereza, mwaka 2017 huduma ya afya ya taifa iliwaambia madaktari waache kuwaandikia wagonjwa tiba hii.

Utaniuliza, mbona watu wanajaa? Niliwahi kualikwa kwenye kliniki ya namna hiyo, na nilichokiona kiliniuma. Bibi mmoja alikaa na mganga karibu saa nzima, akaulizwa ndoto zake, kama anapenda chumvi, kama anaogopa radi. Alitoka uso umenawiri. Zahanati zetu humpa dakika tano, na pengine za kufokewa. Sisi wauguzi tunawasukuma watu huko, na nalisema hili kwa uchungu. Mafua huisha yenyewe, mgongo huuma na kuachia, na sifa zinaenda kwa punje.

Malaria haisubiri hivyo. Ile ya kwetu ikicheleweshwa saa 24 tu inaweza kuwa kali. Nilipokuwa zahanati aliletwa mtoto aliyepewa punje kwa siku kadhaa kwa sababu ya homa. Nilifungua kiganja chake, kilikuwa cheupe kama karatasi. Tulimkimbiza hospitali kwa pikipiki akaongezewa damu, akapona. Kipimo cha haraka na dawa ya mseto vilikuwepo kwenye kabati letu muda wote ule.

Kwa hiyo binti asibebe lile sanduku. Wageni wenu huenda wana moyo mzuri kabisa, lakini usiku wa manane mama mwenye mtoto anayetetemeka atagonga mlango wa binti yako, si wa kwao. Na cheti cha kozi si kibali: kwa sheria ya mwaka 2002, mtoa tiba mbadala nchini lazima asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Waulize kama wamesajiliwa, na kama wanapima malaria na kuandika rufaa.

Usimzime moyo, lakini. Kijana anayetaka kuhudumia wenzake ni wa kushikwa mkono. Mpeleke kwa mganga mfawidhi wa zahanati yenu aulizie mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kama matokeo yake ya Biolojia na Kemia ni mazuri, aombe chuo cha uuguzi. Kama hayakutosha, arudie mtihani wa masomo hayo. Niandikie matokeo yake, nami nitamsaidia kujaza fomu.